Elantra ya mwaka 2005 inayochemka mlimani: uanzie wapi ukiwa na shilingi 50,000

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Mamboleo, Kisumu. Nina Hyundai Elantra ya mwaka 2005, injini ya petroli ya lita 2.0, gia otomatiki. Niliinunua miaka miwili iliyopita ikiwa imetembea kilomita 168,000, na sasa imefika 187,000. Mjini haina neno, lakini kila mwisho wa mwezi ninapokwenda Nakuru kuwaona wazazi, nikianza kupanda kutoka Awasi kuelekea Kericho sindano ya joto hupanda hadi nikalazimika kusimama. Fundi wa kwanza aliitoa themostati. Kwa wiki chache joto likapungua, kisha tatizo likarudi, na sasa gari linakunywa mafuta kupita kiasi. Taa ya injini imewaka na fundi aliyeipima kwa mashine aliniandikia P0304. Nikipita matuta kuna mgongano wa vyuma mbele. Fundi wa pili ananishauri niweke injini ya Toyota, na shemeji yangu anasema niuze tu. Nina shilingi 50,000 za kutumia hadi mwisho wa mwaka. Nianzie wapi?

Jibu:

Mwalimu, nashukuru kwa kueleza mambo kwa utaratibu, maana umenipunguzia nusu ya kazi. Nitaanza na shemeji yako na fundi wa pili ili tuwaweke kando. Sedani za Kikorea zenye umri huu hushuka bei sana sokoni, kwa hiyo ukiiuza ikiwa inachemka utapata fedha ambazo hazitakununulia gari lililo zima kuliko hilo. Ama injini ya Toyota, itadai mabano mapya ya kuishikilia, nyaya za umeme, kompyuta yake, pengine na giaboksi yake, na juu ya hayo namba ya injini iliyo katika daftari la umiliki itabidi ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Shilingi 50,000 zitaisha kabla gari halijawashwa. Injini uliyo nayo, kama haijaharibiwa na joto bado, ni imara: bloku yake, yaani kiwiliwili cha injini, ni ya chuma cha kusubu, na wenzake wengi wamefikisha kilomita 300,000 kwa matunzo ya kawaida tu. Magari haya yanauawa zaidi na kubahatisha: kipuri kinanunuliwa kabla chanzo hakijajulikana, au kinanunuliwa kwa kuangalia umbo badala ya namba.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja kwa ajili ya joto, fanyiza ukaguzi wa breki, usukani na matairi. Nalitaja hili mapema kwa sababu barabara hiyohiyo unayoipanda ukienda, unaishuka ukirudi, na mteremko wa Kericho kuja Awasi ni mrefu vya kutosha kuchemsha mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakipata joto unyevu huo hugeuka mvuke, na kanyagio linazama. Kama huna kumbukumbu ya kuyabadilisha, yabadilishe. Ni kazi ya chini ya saa moja, na chupa moja hutosha. Tena, ukishuka, weka gia ya chini ili injini ikusaidie kuzuia gari.

Sasa tuje kwenye joto. Umesema jambo moja ambalo mafundi wako wote wawili wangelisikiliza vizuri: mjini haina neno, mlimani inachemka. Gari linalochemka kwenye msongamano wa Kondele lakini likapoa likishika barabara kuu huwa na ugonjwa wa feni, kwa sababu likiwa kasi upepo hufanya kazi ya feni. Lako ni kinyume. Upepo upo, feni haihitajiki sana, lakini injini ikibebeshwa mzigo wa kupanda hutoa joto kuliko mfumo unavyoweza kulitupa nje. Hapo washukiwa ni wanne: maji yaliyopungua, kifuniko cha rejeta (kile kipoza maji cha mbele) kisichoshika shinikizo, rejeta iliyoziba ndani au nje, na pampu ya maji iliyochoka. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, ni mshukiwa wa tano, naye tutamchunguza mwisho, ingawa fundi mwenye haraka humkamata wa kwanza.

Kifuniko cha rejeta nakiweka mbele kwa sababu ya jiografia yenu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huko huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kericho iko karibu mita 2,000, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 93. Injini yako, ikiwa na afya kamili, hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 100. Unaona hatari ilipo: bila shinikizo, maji ya Kericho yanachemka ndani ya joto ambalo injini inaliona ni la kawaida kabisa. Kifuniko kizima hufunga shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110, na ndiyo sababu gari zima halijali mlima. Kifuniko ambacho mpira wake umekauka kinaweza kukusitiri Mamboleo na kukuumbua Kapsoit. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko karibu vyote nitakavyovitaja hapa. Nunua kipya chenye kiwango kilekile cha shinikizo kilichochapwa juu ya cha zamani. Usikubali cha juu zaidi eti kina nguvu, kwa kuwa shinikizo la ziada litatafuta mpira wa rejeta uliochoka na kuupasua.

Rejeta yenyewe huziba kwa njia mbili. Ndani huziba kwa chumvichumvi za maji ya kisima na ya mfereji, ambazo huganda katika vijia vyembamba kama zinavyoganda kwenye birika la chai. Gari likiwa limepata moto kisha likazimwa, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuugusa. Sehemu iliyo baridi katikati ya sehemu za moto ni sehemu iliyoziba. Uwe mwangalifu na feni, kwani inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Nje huziba kwa vumbi na wadudu, na ninyi wa kandokando ya ziwa mna msiba wenu wa pekee: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi jioni hujipachika kwenye mapezi ya kipoza cha eyakondisheni, kilicho mbele ya rejeta, na kufanya zulia. Mwenye gari anatazama kupitia wavu wa mbele, anaona pasafi, kumbe uchafu umekaa katikati ya vitu viwili hivyo. Fundi alegeze rejeta, aoshe kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi yote, na hapo utakuwa umelipa ili kuziba rejeta kwa ustadi zaidi.

Kuhusu themostati, naomba nilieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu tabia ya kuitoa imeenea kutoka Busia hadi Naivasha, na imeharibu injini nyingi kwa nia njema. Kifaa hiki hufunga njia ya maji injini ikiwa baridi na kuanza kuifungua kwenye nyuzi 82 hivi. Kikitolewa, maji huzunguka muda wote, na katika safari fupi za mjini injini haifikii joto lake. Kompyuta ya gari inasoma kwamba injini ni baridi, inaamini kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, na inaongeza petroli. Hapo ndipo mafuta yako yanapokwenda. Petroli ya ziada isiyoungua hupenya na kuchanganyika na oili, oili inakuwa nyepesi, na vyuma vinaanza kusagana. Lililo baya zaidi ni kwamba kule kupoa kwa wiki chache kuliuficha ugonjwa wenyewe huku rejeta ikiendelea kuziba. Rudisha themostati mpya, pamoja na gasketi yake. Wakati wa kuifunga, tundu dogo la kutolea hewa likae upande wa juu, la sivyo hewa itanaswa ndani na utachemka tena ukamlaumu asiyehusika.

Ukisharudisha themostati, mwaga maji yote, suuza mpaka yatoke meupe, kisha jaza mchanganyiko wa nusu kulenti, yaani kimiminika cha kupozea injini, na nusu maji yaliyokenekwa (distilled). Wengi huniambia kwamba Nyanza hakuna barafu, kwa hiyo kulenti ni ya Wazungu. Kulenti huzuia kutu katika injini yenye hedi ya alumini na bloku ya chuma, hulainisha pampu, na huongeza kiwango cha kuchemka. Kuzuia barafu ni kazi yake moja tu kati ya kadhaa. Maji yaliyokenekwa huuzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri, lakini soma kibandiko kwa makini, maana maji ya kuongeza na asidi ya betri huitwa jina moja na wauzaji wengi. Na kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto. Nimemwona mtu akipoteza ngozi ya mkono mzima kwa haraka ya dakika kumi.

Hayo yakifanyika na gari likaendelea kuchemka, ndipo tunamwendea mshukiwa wa tano. Mwambie fundi apime kama moshi wa injini unaingia katika maji. Kuna dawa ya buluu ambayo hugeuka manjano ikikutana na moshi huo juu ya mdomo wa rejeta. Dalili nyingine ni mapovu yasiyokoma, maji yanayopungua bila kuvuja popote, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa gasketi imeungua, hedi haina budi kupelekwa kwenye mashine ikapimwe na kusawazishwa, kwa sababu alumini iliyochemka mara kadhaa hupinda, na gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haimalizi miezi mitatu. Usikubali ifungwe bila kupimwa.

Jambo la pili ambalo hukuliuliza, na ambalo linanitia wasiwasi kuliko joto, ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali na pistoni ziende kwa mpangilio mmoja. Injini yako ya lita 2.0 ya kizazi kile hutumia mkanda wa mpira, si cheni, isipokuwa kicheni kifupi kinachounganisha kamishafti mbili, yaani vyuma vinavyofungua vali. Mkanda huo unapaswa kubadilishwa kila kilomita 90,000 hivi, au mapema zaidi ukizeeka kwa miaka. Umesema gari lilikuwa na kilomita 168,000 ulipolinunua, lakini hukusema kama ulipewa karatasi ya mkanda. Kama huna karatasi, chukulia kwamba haukubadilishwa, hata muuzaji alikuapia kwa jina la mama yake. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hukutana na vali, vali zinapinda, na hesabu ya 50,000 inakuwa ndoto.

Mkanda ubadilishwe pamoja na roli yake ya kukazia na ile ya kuongozea, na kwa kuwa ili kuifikia pampu ya maji unafungua vitu vilevile, pampu nayo ibadilishwe siku hiyohiyo. Ndiyo maana sikukushauri ununue pampu peke yake hapo juu. Nilipokuwa fundi kijana niliwahi kumbadilishia mteja mkanda pekee na kuiacha roli ya zamani, kwa sababu niliizungusha kwa kidole ikazunguka bila kelele. Baada ya miezi saba roli ilikwama, mkanda ukaruka meno, na vali zikapinda. Zile vali nilizilipa mwenyewe kwa awamu. Tangu siku hiyo sifungi mkanda mpya juu ya roli kuukuu, na mteja asiyekubali namwomba aende kwingine. Fundi wako akimaliza, mtake aizungushe krankishafti, ekseli kuu ya injini, kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili, kisha akuonyeshe alama zote zimerudi mahali pake kabla ya kufunika. Fundi anayeijua kazi yake hatachukizwa.

Ununuzi wa vipuri unahitaji neno la pekee, kwa sababu hapa ndipo magari ya Kikorea yanapopewa jina baya. Toyota na Nissan zinalishwa na mto wa mitumba kutoka Japani. Hyundai haikuuza magari mengi Japani, na mwaka 2009 ilijitoa katika soko la magari madogo la nchi hiyo, ikarudi mwaka 2022 tu. Kwa hiyo mto huo hauna Elantra. Utakayoyapata madukani ni mapya, ya kiwandani au ya kuigwa, na ukipeleka kipuri cha zamani mkononi na kusema nataka kama hiki, utapewa kinachofanana tu. Nenda na namba ya chesi. Ikianza na KMH, gari ni Hyundai iliyoundwa Korea Kusini, na muuzaji anayejua kazi ataiingiza kwenye katalogi na kupata namba ya kipuri, ambayo huandikwa kwa makundi mawili ya tarakimu na herufi tano tano. Nenda pia na namba ya injini. Ikiwa ni G4GC, kama ninavyotarajia, umebahatika, kwa kuwa injini hiyohiyo iliwekwa katika Hyundai Tucson na Kia Sportage za miaka ile, pamoja na Kia Cerato ya lita 2.0; Hyundai iliichukua Kia mwaka 1998 na tangu hapo zimeshirikiana mengi. Muuzaji wa Nakuru au Kisumu akikwambia hana cha Elantra, muulize kama ana cha Tucson, kisha linganisha namba, si sura.

Kwa mkanda, roli, pampu, themostati na sensa, nunua jenuini au kampuni inayoheshimika, hata kama itakulazimu kuagiza Nairobi na kusubiri basi la jioni. Kwa taa, vioo, vishikio vya milango na vifuniko, nunua cha bei nafuu bila kuona aibu.

Msimbo wa P0304 maana yake ni kwamba silinda ya nne inakosa kuwaka ipasavyo. Hausemi ununue nini. Katika injini hii, jambo la kwanza ninalolitazama ni gasketi ya kifuniko cha vali: ikikauka, oili hutiririka katika shimo la plagi na kuloweka kichwa cha waya. Chomoa waya wa silinda ya nne utazame. Ukikuta oili, badilisha gasketi hiyo, safisha shimo, weka plagi nne mpya na seti ya waya. Ukikuta pakavu, fundi ahamishe plagi ya nne kwenda silinda ya pili na kufuta msimbo. Ukirudi ukiwa P0302, mwizi ni plagi, na umemkamata bure. Taa hiyo ikianza kupepesa mwendoni, punguza kasi na usilazimishe safari, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuunguza kichujio cha ekzosi, na hicho ni ghali.

Giaboksi hukuilalamikia, nami sitaki kuitafutia ugonjwa. Ila siku ya kubadilisha oili yake sharti iwe SP-III. Giaboksi hiyo ina damu moja na za Mitsubishi za wakati ule, kwa hiyo wauza vipuri vya Lancer na Galant watakuwa nayo. Oili nyekundu ya kawaida ya Toyota inafanana nayo kwa rangi tu. Imwagwe na kujazwa, ukiendesha siku chache irudiwe, kwa sababu mara moja hutoa karibu nusu; usiruhusu isukumwe kwa mashine katika giaboksi yenye kilomita zako.

Mgongano wa vyuma kwenye matuta nimeuacha hapa kwa makusudi, kwa kuwa unakukera kuliko unavyokudhuru, mradi boljointi (viungo vya duara vinavyoshikilia magurudumu ya mbele) na ncha za usukani zimekutwa nzima katika ukaguzi wa mwanzo. Gari likiwa juu ya jeki na stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, shuku boljointi au beringi, na hilo haliwezi kusubiri. Likicheza kushoto na kulia, shuku usukani. Lisipocheza kabisa, mara nyingi kelele hutoka kwenye viungo vidogo vya stebilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), viwili vya bei ndogo, au bushi za mikono ya chini, ambazo fundi wa jua kali mwenye mashine ya kukandamiza (preshi) atakubadilishia bila kununua mkono mzima. Shoki zibadilishwe mbili mbili, na hizo zisubiri mwakani.

Kwa fedha zako ningefuata mpango huu. Wiki hii, breki na ukaguzi wa usukani, kifuniko cha rejeta, na kutazama shimo la plagi. Usiende Nakuru kwa gari hilo mwisho wa mwezi huu, panda matatu. Mwezi ujao, siku mbili za gereji kwa kazi moja ya pamoja: mkanda, roli, pampu, themostati, kuosha rejeta ndani na nje, mipira ya maji iliyovimba, na kulenti mpya. Hiyo itameza zaidi ya nusu ya fedha, na rejeta ikikutwa imeoza itameza karibu zote. Kinachobaki kiende kwenye plagi na waya, kisha viungo vya stebilaiza. Oili ya injini, lita 4 hivi pamoja na kichujio, ibadilishwe mara tu themostati ikirudi, kwa sababu iliyomo sasa imekwisha kuonja petroli, na baada ya hapo kila kilomita 5,000.

Safari ya kwanza baada ya kazi hiyo, ondoka asubuhi, ubebe lita tano za maji, na usimame Kapsoit uitazame sindano kabla ya kuendelea. Kesho yake gari likiwa baridi, pima kiwango cha kulenti kwenye kopo la akiba. Kikiwa kimeshuka na hapana unyevu popote chini ya gari, niandikie tena kabla hujafunga safari ya kurudi.